Muhuri

Ngamiani barabara, ya kumi na mbili, kona,
Ndipo nina biashara, matairi nayashona.
Sina wangu mshahara, nala ninachokiona.
Naitwa Fundi Mhina, pancha zote ninaziba.

Miaka sita mizima, nikiweka kwenye kopo.
Mke wangu alichuma, mchicha, tukala papo.
Kisha nikaona vyema, mashine niweke hapo
Pongwe, barabara ipo, na wakulima si haba.

Ramani nikaichora, kwa rula na kwa penseli,
Kibao chenye kung'ara, jina la kwanza na pili.
Nikahesabu ujira, wa kijana na wa kuli,
Na pembeni pa kuswali: mita moja ya mraba.

Kiwanja nikalipia, robo tatu, kwa awamu.
Tofali zikaingia, lori mbili, zimetimu.
Ndipo nikakumbukia, lile jambo la muhimu:
Kwa Mola wangu Karimu, sijapita kumuomba.

Rakaa mbili haraka, nikaswali alfajiri.
Nikasema, “Ya Rabuka, ramani hii ni nzuri.
Kila kitu kimefika, kimebakia muhuri.
Gonga, miye ni tayari, kesho msingi nachimba.”

Nikalala, nikaota, unga wamwagika tele.
Nikaruka, “Nimepata! Jibu langu ndilo lile!”
Mwenye njaa akiota, haoti ila mchele.
Tamaa, hata ilale, haiachi kujikomba.

Mwanakheri, mke wangu, chujio li mkononi,
Akauliza, “Mwenzangu, kuuliza huku gani?
Umempa Mola fungu, la kuwa wako karani!
Mtu huuliza lini, kashapakua, kashiba?”

Nikanuna siku mbili, chai nanywa huko huko.
Neno likiwa la kweli, huchoma kupita jiko.
Moyo ukanikabili: “Kajenge, mali ni yako!”
Jumatatu, jembe, mwiko, begani nikavibeba.

Kumbe jioni ya jana, walipita wapimaji.
Eksi nyekundu naona, yatiririka, si maji.
“Hifadhi ya njia, bwana,” kanambia mpitaji.
Nampigia mwuzaji: simu imekufa, baba.

Nikaketi juu yake, lile rundo la tofali.
Sisemi ni fimbo yake, Mungu hana ukatili.
Ila mimi na makeke, nilikwisha jibu swali.
Kuarifu si kusali, kuagiza si kuomba.

Mwanakheri hakusema, wala kulitaja neno.
Akaleta bada nzima, na mchuzi wenye pono.
Ramani mwana Karama, kaigeuza, kwa wino
Kachora kuku mnono, vifaranga vyake saba.

Zile tofali za Pongwe, kwa nusu bei nauza.
Heri kwingine zijengwe, kuliko kunichokoza.
Nondo nazo zikafungwe, nyumba ya mwenye kuweza.
Kopo lile likasaza, robo tu yake akiba.

Sasa ni mwezi wa nne, kila usiku narudi.
Sina ramani nione, sina hata makusudi.
“Lako kwanza nilione, langu nyuma, lisizidi.”
Jibu bado. Sina budi, naketi, pancha naziba.

Shemweta hakuuliza, mashine yake yavuma!
Unga mweupe auza, foleni mbele na nyuma.
Nakiri, laniuguza, siku nyingine nagoma,
Nalala bila kusoma, naamka nina toba.

Tyubu nikiwa nasaka, tundu lake kwenye maji,
Sibandiki kwa haraka, kukisia sihitaji.
Nangoja povu kutoka, kimya, kama msomaji.
Povu ni lake Mpaji, mimi kazi ni kuziba.